Kutoka Falsafa hadi Lawama: Historia ya Neno la Kiingereza ‘Cynic’ na Changamoto Yake katika Kufasiri Nyaraka za Sera kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya neno la Kiingereza ‘cynic’ na kivumishi chake ‘cynical’, kuanzia Ugiriki ya karne ya 4 KK hadi tafiti za karne ya 20 kuhusu imani ya wananchi kwa serikali. Hoja inayojengwa ni kwamba neno hilo limehama upande. Lilianza kama jina la watu waliowaambia wakubwa ukweli bila woga, likaishia kuwa lawama kwa watu wasiowaamini wakubwa. Hata hivyo, Kiingereza cha leo kinalitumia pia kumwelezea mkubwa anayezichezea imani za watu kwa hila. Kwa kuwa maana hizo mbili zimo katika neno moja, mfasiri anayetafuta kisawe kimoja cha Kiswahili huamua, pengine bila kukusudia, nani abebe lawama. Makala yanapendekeza kwamba neno hilo lifasiriwe kwa kuzingatia mtendaji, sababu na ushahidi, na kwamba msamiati uliopo wa Kiswahili unatosha kwa kazi hiyo.

Maneno muhimu: historia ya maneno, Wasiniki, shaka, dhana mbaya, imani kwa taasisi, tafsiri ya sera

1.0 Utangulizi

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya na kukitambua Kiswahili kama lugha ya mawasiliano mapana. Februari 2021, wakuu wa nchi wanachama waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pia. Uamuzi huo umeongeza uzito wa kazi ya wafasiri. Ripoti, miswada na tathmini zinazoandikwa kwanza kwa Kiingereza sasa zinatarajiwa kusomeka kwa Kiswahili zikiwa na nguvu ileile ya kisheria na kisiasa.

Katika kazi hiyo, istilahi za kitaalamu kama vile za forodha au za afya si lazima ziwe ngumu kuliko zote. Kwa kawaida istilahi za namna hiyo zina fasili, na fasili inaweza kufuatwa. Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye maneno ya kawaida yanayobeba hukumu. Neno ‘cynical’ ni mojawapo. Sentensi moja ya Kiingereza yaweza kusema kwamba wapigakura wa mahali fulani ni ‘cynical’. Nyingine, katika ukurasa huohuo, yaweza kusema kwamba hatua ya serikali yao ilikuwa ‘cynical’. Katika sentensi ya kwanza anayeelezwa ni mtu asiyeamini kwamba wengine wana nia njema. Katika ya pili anaelezwa mtu ambaye yeye mwenyewe hana nia njema, na anajua kwamba hana. Kiingereza kinawaita wote wawili kwa jina moja.

Swali linaloongoza makala haya ni la kihistoria: ilikuwaje neno moja likawabeba mshuku na mhusika anayeshukiwa? Jibu lake lina manufaa ya moja kwa moja kwa wanaoandika na kufasiri sera.

2.0 Mbwa wa Athens

Asili ya neno ni kivumishi cha Kigiriki chenye maana ya ‘-a mbwa’ au ‘kama mbwa’. Kuna maelezo mawili ya zamani kuhusu jinsi jina hilo lilivyowashika wanafalsafa. La kwanza linamhusisha Antisthenes, mwanafunzi wa Socrates, aliyefundisha kwenye uwanja wa mazoezi ulioitwa Kynosarges, nje ya kuta za Athens. Jina la mahali hapo lenyewe lina sauti ya neno mbwa. La pili linasema kwamba jina lilikuwa tusi kwa watu walioishi barabarani, wakala na kulala hadharani, bila kuona haya, kama wafanyavyo mbwa. Kwa vyovyote vile, wafuasi hao, ambao hapa wanaitwa Wasiniki, walilipokea tusi hilo na kulifanya kuwa fahari.

Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Diogenes, mzaliwa wa Sinope kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, aliyefariki mnamo mwaka 323 KK. Habari nyingi zinazomhusu zimehifadhiwa na Diogenes Laertius, mwandishi wa karne ya 3 BK ambaye hana undugu naye ila wa jina. Kwa kuwa karne tano na zaidi ziliwatenganisha, masimulizi hayo yanafaa kusomwa kama kumbukumbu ya jinsi Msiniki alivyoeleweka, si kama taarifa za shahidi. Inasimuliwa kwamba Diogenes alihamishwa kutoka kwao kwa kosa la kuharibu sarafu. Kwamba aliishi ndani ya mtungi mkubwa wa udongo. Kwamba alitembea sokoni mchana kweupe akiwa na taa, akidai kumtafuta binadamu. Na kwamba Alexander Mkuu alipomuuliza anahitaji nini, alimtaka tu asogee, asimzibie jua.

Kisa cha sarafu kilikuja kupewa maana ya kifalsafa. Katika Kigiriki, neno la sarafu lina shina moja na neno la desturi na sheria. Hivyo basi, kuharibu sarafu kulikuwa mfano wa kukataa thamani zinazokubalika kwa mazoea tu. Hapa ndipo msomaji wa leo anapopaswa kuwa makini. Kitu ambacho Wasiniki hawakukiamini kilikuwa mali, sifa, cheo na adabu ya kujionyesha. Wema wenyewe hawakuutilia shaka hata kidogo. Walifundisha kwamba wema unawezekana, kwamba unatosha kumpa mtu furaha, na kwamba hupatikana kwa mazoezi ya mwili na nafsi. Crates wa Thebes aliiacha mali yake ili aishi maisha hayo, na Hipparchia, binti wa familia yenye uwezo, akaolewa naye na kushiriki mijadala ya wanafalsafa hadharani, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa zama zake. Zeno wa Citium, mwasisi wa falsafa ya Wastoa, alikuwa mwanafunzi wa Crates.

Sifa nyingine ya Wasiniki ilikuwa kusema wazi, yaani kumwambia yeyote ukweli bila kujali cheo chake wala hatari iliyopo. Michel Foucault alitumia mihadhara yake ya mwisho huko Paris, mwaka 1984, kuichambua sifa hiyo. Kwa mtazamo wake, Msiniki aliufanya mwili na maisha yake kuwa ushahidi wa maneno yake. Aliyekosa kitu hakuwa na cha kunyang’anywa, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunyamaza. Maana ya asili ya neno, basi, inakaribiana na ujasiri wa kimaadili kuliko na kukata tamaa.

3.0 Roma: vazi bila maudhui

Hatua ya kwanza ya kubadilika kwa maana ilitokea chini ya dola ya Roma. Kufikia karne ya 1 BK, Msiniki alitambulika kwa joho, fimbo na mkoba. Wapo waliobeba alama hizo pamoja na maudhui yake. Demetrius, rafiki wa Seneca, alijulikana kwa kuwasema watawala, na alihamishwa kwa amri ya mfalme Vespasian pale wanafalsafa walipofukuzwa Roma. Hata hivyo, alama za nje ni rahisi kuvaa, na wengi walizivaa kwa ajili ya kuombaomba na kutukana.

Lucian, mwandishi wa tashtiti wa karne ya 2, aliandika kwa kebehi kuhusu Peregrinus, Msiniki aliyejichoma moto mbele ya umati huko Olympia mwaka 165 BK. Kwa Lucian, kitendo hicho kilikuwa kiu ya sifa iliyojifanya kudharau sifa. Karne mbili baadaye, mwaka 362, mfalme Julian aliandika hotuba za kuwashutumu Wasiniki wa zama zake huku akimsifu Diogenes. Mgawanyo huo una maana kubwa kwa historia ya neno. Kuanzia hapo palikuwa na Wasiniki wawili katika fikra za wasomi: wa kweli, ambaye daima ni wa zamani, na wa uongo, ambaye daima yupo leo. Mtu aliyeanza kama mfichuaji wa unafiki akawa mwenyewe mtuhumiwa wa unafiki.

4.0 Neno ndani ya Kiingereza

Neno liliingia Kiingereza katika karne ya 16, kupitia Kilatini na Kifaransa, likiwa bado jina la wafuasi wa Diogenes na pia jina la mtu mkali, mkosoaji, asiye na adabu. William Shakespeare analitumia katika *Julius Caesar*, tamthilia ya mnamo mwaka 1599 ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa tafsiri ya Julius Nyerere mwaka 1963. Katika onyesho la nne, mshairi anavamia hema la majemadari wawili waliogombana ili awapatanishe, na Cassius anamwita kwa neno hili kwa dharau. Anachodharau Cassius ni ufidhuli wa mtu huyo na ubovu wa mashairi yake. Suala la kutoamini nia za watu halipo hapo kabisa. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 bado inakaa karibu na maana hiyo: inataja mwanafalsafa wa kundi la Diogenes, mtu fidhuli, mwenye kufoka kama mbwa, mwenye kuchukia watu.

Kamusi hiyo, hata hivyo, inaonyesha mlango ambao maana mpya ingepitia. Aliyeonekana kuwa mkali kwa watu alianza kufikiriwa kuwa anawachukia. Na anayewachukia alidhaniwa kuwa haamini kwamba wana wema wowote. David Mazella, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu kuundwa kwa maana ya kisasa ya neno hili, anaipa karne ya 18 nafasi kubwa katika mabadiliko hayo. Ni karne ambayo Jean-Jacques Rousseau alifananishwa na Diogenes na wapinzani wake kwa nia ya kumdunisha. Ukosoaji wa jamii ulipoelezwa kuwa ni tabia ya mkosoaji, haukuhitaji tena kujibiwa kwa hoja.

Kufikia karne ya 19, falsafa ilikuwa imeondoka na tabia ikabaki. ‘Cynic’ akawa mtu anayeamini kwamba kila tendo, hata linaloonekana jema, lina masilahi binafsi nyuma yake. Oscar Wilde aliweka fasili maarufu ya mtu wa aina hiyo katika tamthilia yake ya mwaka 1892, *Lady Windermere’s Fan*. Huko Marekani, Ambrose Bierce alichapisha mwaka 1906 kamusi ya mzaha iliyobeba neno hili katika jina lake. Toleo la mwaka 1911 ndilo linalojulikana zaidi kama kamusi ya shetani. Katika mazingira hayo ya kibepari na ya vyama vya siasa, hatua iliyofuata ilikuwa fupi. Mtu anayeamini kwamba wote wanasukumwa na masilahi anaweza kujiruhusu naye kusukumwa na masilahi. Hivyo neno likavuka kutoka kwa mtazamaji hadi kwa mtendaji, likaanza kueleza hatua ya makusudi ya kuwatumia watu bila haya.

Kijerumani kilishughulikia mgawanyiko huo kwa kutenganisha tahajia mbili: *Kynismus* kwa falsafa ya kale na *Zynismus* kwa tabia ya kisasa. Peter Sloterdijk aliijenga hoja yake ya mwaka 1983 juu ya tofauti hiyo. Kwake, maana ya kisasa ni hali ya mtu anayejua kwamba anachofanya si sahihi lakini anaendelea kukifanya. Kiarabu nacho kinawaita wanafalsafa wa kale *al-kalbiyyun*, kwa shina la neno mbwa. Kiingereza hakina kitenganishi kama cha Kijerumani, ila herufi kubwa inayotumika kwa wanafalsafa.

5.0 Kutoka tabia hadi kipimo

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, neno liliingia katika sayansi ya jamii ya Marekani na kugeuzwa kipimo. Mwaka 1961, Robert Agger na wenzake walichapisha makala yaliyopendekeza namna ya kupima hali hiyo katika siasa. Mwaka 1967, Arthur Niederhoffer, aliyewahi kuwa ofisa wa polisi wa New York, alitoa kitabu kilichopima jinsi polisi wanavyopoteza imani na kazi yao pamoja na watu wanaowahudumia.

Wakati huohuo, kura za maoni zilionyesha mporomoko. Mwaka 1958, takriban asilimia 73 ya Wamarekani waliohojiwa walisema wanaweza kuiamini serikali kuu wakati wote au mara nyingi. Mwaka 1964 walifikia asilimia 77. Mwaka 1974 walikuwa asilimia 36. Kati ya miaka hiyo palikuwa na Vita vya Vietnam, kuchapishwa mwaka 1971 kwa nyaraka za siri zilizoonyesha kwamba serikali ilikuwa imewapotosha wananchi kuhusu vita hivyo, na kashfa ya Watergate iliyomwondoa Rais Richard Nixon.

Mwaka 1974 wataalamu wawili walibishana kuhusu maana ya takwimu hizo katika jarida moja la sayansi ya siasa. Arthur Miller aliziona kama dalili ya kutoridhika kwa kina na sera za pande zote. Jack Citrin alijibu kwamba sehemu ya majibu hayo ilikuwa kutowakubali viongozi waliokuwa madarakani, na nyingine ilikuwa mazoea tu ya kuisema vibaya serikali. Mjadala huo haujafungwa, nao umeacha funzo la kudumu: kipimo kinaweza kuonyesha kiasi cha kutoamini bila kuonyesha sababu yake. Mwananchi wa mwaka 1974 aliyesema haiamini serikali hakuwa lazima na ugonjwa wa nafsi. Huenda alikuwa amesoma magazeti.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa zamani zaidi. Katika zama za ukoloni zilivuma habari za mumiani na wazimamoto waliodaiwa kunyonya damu za Waafrika, kuanzia Tanganyika na Kenya hadi Uganda na Kongo. Maofisa wa kikoloni walizichukulia kuwa ushirikina. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizisoma upya kama ushahidi wa kihistoria: damu ilikuwa lugha ya kuzungumzia kazi, hospitali, magari na mamlaka ambayo watu hawakuwa na uwezo wa kuyahoji. Habari zenyewe hazikuwa kweli, lakini uhusiano uliozizaa ulikuwa wa kweli. Aliyezifuta kwa neno moja alijinyima kuuona.

6.0 Msamiati wa Kiswahili na kazi ya mfasiri

Kiswahili hakina neno moja linalolingana na ‘cynical’, na historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba hilo si pengo la kusikitikia. Lugha ina msamiati unaotenganisha yale ambayo Kiingereza kimeyachanganya.

Kwanza, kuna *shaka* na kitenzi *kushuku*. Mwenye shaka bado hajaamua, anasubiri ushahidi. Hali hiyo iko karibu zaidi na mkondo mwingine wa Kigiriki, ule wa Pyrrho na wafuasi wake walioahirisha hukumu, na haifai kuchanganywa na ‘cynical’. Pili, kuna *kutokuwa na imani* na taasisi au mtu. Maneno haya yanaeleza uhusiano, hayaielezi hulka. Yanaacha wazi uwezekano kwamba imani ilikuwapo na ikavunjwa. Tatu, kuna *dhana mbaya*, ambayo ni hukumu juu ya nia za wengine iliyotangulia ushahidi. Hii ndiyo inayokaribia maana ya karne ya 19, na katika maadili ya Waswahili ni kosa la mwenye dhana. Nne, kuna *tuhuma*, ambayo ina mlengwa na jambo mahsusi, na inaweza kuchunguzwa. Tano, kuna *kukata tamaa*, pale ambapo mtu haamini kwamba lolote litabadilika. Sita, kwa upande wa mtendaji, kuna *hila*, *unafiki wa makusudi* na *kuzichezea imani za watu bila haya*.

Tofauti hizi zina matokeo. Ripoti ikisema kwamba vijana wa wilaya fulani wana dhana mbaya kuhusu mpango wa mikopo, suluhisho linalofuata ni kuwaelimisha vijana. Ikisema kwamba hawana imani na mpango huo, swali linalofuata ni mpango ulifanya nini. Ikisema wamekata tamaa, swali ni mara ngapi waliahidiwa. Bajeti, mafunzo na lawama hufuata neno lililochaguliwa. Methali inasema aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Anayemcheka kwa kuuogopa ung’ongo hajauliza kuhusu nyoka.

Hoja hii inagusa pia tafiti za maoni. Afrobarometer, ulioanzishwa mwaka 1999, huwahoji wananchi kuhusu kiwango cha imani yao kwa rais, bunge, mahakama, polisi na taasisi nyingine, na nchini Tanzania na Kenya mahojiano hufanywa kwa Kiswahili. Hojaji zake huuliza pia kuhusu rushwa na huduma. Mshauri wa sera anayenukuu jibu la imani peke yake, kisha akalifupisha kwa neno ‘cynical’, anageuza jibu kuhusu taasisi kuwa maelezo kuhusu tabia ya aliyejibu. Majibu ya sehemu hizo yakisomwa pamoja, kutoamini huanza kuonekana kama hitimisho lenye sababu zinazoweza kuchunguzwa.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya neno ‘cynic’ ina hatua nne: jina la watu walioamini wema kiasi cha kuacha vyote, jina la waliovaa joho lao bila imani yao, jina la asiyeamini wema wa yeyote, na jina la anayenufaika na imani ya wengine. Katika kila hatua, waliolitoa jina hilo kwa kawaida ndio waliokuwa na sababu ya kutotaka kusikilizwa kwa aliyepewa. Hilo halimaanishi kwamba dhana mbaya haipo au haina madhara. Jamii isiyoamini lolote haiwezi kujenga kitu pamoja. Linamaanisha kwamba neno lenyewe haliwezi kuwa ushahidi.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, neno ‘Wasiniki’ litengwe kwa ajili ya wanafalsafa wa kale pekee, na lisitumike kuunda istilahi ya tabia ya kisasa. Pili, waandaaji wa kamusi na benki za istilahi wasiweke kisawe kimoja cha ‘cynical’, bali waonyeshe visawe kadhaa kwa kutaja iwapo anayeelezwa ni anayeshuku au anayetenda hila, na iwapo kuna ushahidi uliotangulia. Tatu, pale ambapo matini ya Kiingereza haionyeshi sababu ya kutoamini, mfasiri achague *kutokuwa na imani*, ambalo halihukumu, na airudishe hoja kwa mwandishi ili sababu itajwe. Kwa njia hiyo, toleo la Kiswahili litamlazimu mwandishi wa sera kulijibu swali ambalo Kiingereza kilimruhusu kulikwepa.